Hoketo ni nini, na inaimbwaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha kwaya ya parokia. Nimepata nakala ya kipande cha Guillaume de Machaut, mtunzi Mfaransa wa karne ya 14, kiitwacho Hoquet David. Sauti mbili za juu zimejaa alama za kimya, na maneno ya kuimba hakuna. Hoquet ni aina ya wimbo, ni ala, au ni namna ya kuimba? Tulipojaribu, tulisikika kama watu wanaokosea kuingia.

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Hoketo ni namna ya kutunga kwanza. Baadaye jina likahamia kwenye kipande kizima kilichotungwa hivyo, kama hicho chako. Kwa Kifaransa cha leo hoquet ni kwikwi, na Kilatini cha wananadharia wa karne ya 13 kiliita mbinu hii pia truncatio, yaani kukata. Sauti moja inapoimba nyingine inanyamaza, kisha zinabadilishana, mara nyingi nota kwa nota.

Chukua do, re, mi, fa. Sauti ya kwanza inaimba do, inanyamaza, inaimba mi, inanyamaza. Ya pili inanyamaza, inaimba re, inanyamaza, inaimba fa. Msikilizaji anapata mstari mzima ambao hakuna mwimbaji hata mmoja aliyeuimba. Kwa hiyo kimya unachokiona kwenye sauti ya kwanza si pengo tupu: ni nafasi ya nota ya mwenzake. Ndiyo maana kiongozi na kiitikio si hoketo, maana pale kila upande una sentensi yake kamili.

Kukosekana kwa maneno ni jambo la kawaida. Mwishoni mwa hati ya Bamberg, ya karne hiyo ya 13, kuna hoketo kadhaa zisizo na maneno zilizojengwa juu ya In seculum, kipande cha wimbo wa Pasaka Haec dies. Moja inaitwa In seculum viellatoris, ya mpiga viella, ala ya nyuzi inayopigwa kwa uta, jamaa ya zeze. Nawe ukiwa na wapigaji, wape. Ukiwa na waimbaji tu, imbeni kwa irabu moja.

Katika moteti, yaani nyimbo za sauti kadhaa, za karne ya 14 hoketo mara nyingi huja kwa vipindi, hasa mzunguko wa mapigo ya sauti ya tenori (sauti ya msingi inayobeba wimbo wa kanisa) unapokaribia kwisha, na sikio hutambua hapo kwamba mzunguko mwingine unaanza. Kanisani haikumpendeza kila mtu. Papa Yohane wa XXII, akiwa Avignon katika miaka ya 1320, alilalamika kwamba waimbaji wanazikatakata sauti za nyimbo takatifu kwa hoketo. Namwelewa, maana ikiimbwa vibaya kweli ni kwikwi.

Wataalamu wa muziki wa Afrika nao wameliazima neno hili. Kwenye amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, wapigaji wawili wanaketi wakitazamana, kila mmoja anatia nota zake katikati ya nota za mwenzake, na wimbo unazaliwa kati yao. Kwaya yako ikisikiliza amadinda kabla ya mazoezi itaelewa upesi kuliko kwa maelezo yangu.

Sasa mazoezi. Unganisha sauti mbili za juu kwenye karatasi, sehemu zenye mkato, na wote waimbe mstari huo pamoja mpaka waujue. Kisha wagawe, lakini kila mmoja aendelee kuimba nota za mwenzake moyoni. Wasimame bega kwa bega, irabu ileile, nguvu ileile. Kosa kubwa ni kuvuta pumzi katika kila kimya: nota inayofuata inachelewa, na hapo ndipo mlipoonekana kukosea kuingia. Pumueni mwisho wa sentensi tu. Sauti ya tenori, iliyochukuliwa kwenye neno "David" la Aleluya ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, inakwenda kwa nota ndefu zaidi. Mpe mtu asiyeyumba aiimbe, na wale wawili wa juu wamsikilize yeye badala ya kutazama mkono wako.