Viota saba si sokwe saba

SWALI: Shikamoo Mzee Malagarasi. Nalima mihogo na mahindi huku Uvinza, na nina mizinga ishirini msituni. Mwezi wa nane nikiwa narina, nilikuta viota saba vya sokwe kwenye korongo moja. Jirani yangu anasema hiyo ni dalili kwamba wamejaa tele, na kwa kuwa huku si hifadhi ya taifa ya Gombe wala Mahale, hakuna sheria inayowahusu. Naomba unifungue macho. (Mrina asali, Uvinza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na viota, maana hapo hata mimi niliwahi kuumbuka.

Ujanani nilikuwa nawabebea watafiti maji na kamba kwenye misitu ya Masito. Siku moja nikahesabu viota thelathini na kitu kwenye bonde, nikakimbia kumpasha mwenyekiti wa kijiji kwamba tuna sokwe thelathini. Mkubwa wetu wa msafara alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanirudisha bondeni nikatazame majani.

Sokwe aliyekwisha kuacha kunyonya hutandika kitanda kipya karibu kila jioni. Anakunja matawi, anayakanyaga yashikamane, juu anaweka majani mabichi, analala. Asubuhi anakwenda zake, lakini kiota kinabaki, na kwenye miombo kinaweza kukaa miezi. Mtoto anayenyonya hana chake, analala na mama. Kwa hiyo viota vyako saba vinaweza kuwa vya sokwe mmoja aliyelipenda korongo lenu, au vya kundi lililolala hapo usiku mmoja. Majani ndiyo yanayosema: yakiwa bado kijani yote saba, na chini kuna kinyesi kibichi na harufu ya mkojo, walikuwa pamoja. Kimoja kikiwa kijani, kingine kahawia, kingine kimebaki vijiti tupu unaona mbingu katikati, hizo ni siku mbalimbali. Mimi vile vyangu thelathini vingi vilikuwa kahawia.

Sasa hilo la kujaa tele. Tanzania nzima makadirio yanayotajwa mara nyingi ni sokwe 2,000 hadi 2,500, na wengi wao hawaishi ndani ya hifadhi za taifa. Gombe, anakokujua kila mtu tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipotua mwaka 1960, ina sokwe wasiozidi mia na kidogo. Wengine wako huko kwenu na jirani zenu: Masito, Ugalla, Ntakata, misitu ya Tongwe. Duniani sokwe amewekwa kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka tangu 1996.

Na sokwe wa kwenu wanaishi kwenye nchi yenye ukame. Gombe kundi moja linaweza kutosheka na kilometa za mraba kumi na kitu. Ugalla, ambako misitu minene ni mikanda tu ya makorongoni, kundi linazunguka makumi ya kilometa za mraba kutafuta mbula na matunda mengine. Hapo ndipo jirani yako anapodanganyika. Ukifyeka korongo, sokwe hafi siku hiyo. Anaishi miaka mingi huyu, na jike huzaa kila baada ya miaka mitano hivi. Utaendelea kumwona, pengine utamwona zaidi kwa kuwa hana pa kujificha, nawe utasema wameongezeka.

Kuhusu sheria, jirani amechanganya mnyama na ardhi. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haiulizi sokwe amesimama wapi. Kumuua au kumkamata ni kosa hata akiwa kwenye mihogo yako. Ila ardhi anayoikanyaga ni habari nyingine. Kama ni ya kijiji na haijatengwa, mkutano mkuu unaweza kuigawa mashamba, na mchoma mkaa na mkata mninga hawatasubiri mkutano. Sheria ya Misitu ya 2002 inawaruhusu nyinyi wenyewe kuutenga kuwa hifadhi ya msitu ya kijiji, na mizinga yako ikabaki humo kwa utaratibu mtakaojiwekea. Nenda kaulize kwa mtendaji: korongo lile kwenye mpango wa matumizi ya ardhi limeandikwa nini? Vijiji vingine utakuta limeandikwa kilimo, na waliopiga kura hawajawahi kulifika.

Hukuuliza mitego, lakini umetaja msitu nami nitaitaja. Waya wa breki ya baiskeli uliotegewa nguruwe pori haujui kuchagua. Nimeona jike ambaye mkono wake wa kulia ulibaki kidole gumba tu, anachuma mbula kwa wa kushoto huku mtoto kaning'inia tumboni. Ukikuta waya, ng'oa, ondoka nao, usiuache kando ya njia.

Mizinga yako usiihamishe. Ila ukienda kurina tena, zima mwenge wako kwa maji kabla ya kugeuka, mwezi wa nane majani yale ni kama petroli. Na uvitazame tena viota vile, uniandikie vingapi vilikuwa kijani.