Pini ya mnadani: omba picha ya mgongo kabla ya kutaja dau

Swali

Fundi, hujambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nairobi na ninakusanya pini, zile beji ndogo za kubandika kwenye nguo, za Olimpiki za timu ya Kenya. Mwezi uliopita nilimnunulia binti yangu furushi la pini 50 za Disney kwenye mnada wa eBay, zote kwa dola 25. Zilipofika, nyingine rangi zilikuwa zimevuka mipaka, na mbili zenye picha ile ile hazikulingana ukubwa. Sasa kuna muuzaji ambaye minada yake inafungwa Jumapili: ana pini iliyoandikwa KENYA MELBOURNE 1956, yenye bendera yetu, na nyingine ya timu ya Seoul 1988. Picha zote ni za mbele. Nitajuaje iliyo halali kabla pesa hazijanitoka?

Jibu

Mwalimu, sijambo. Nianze na ile ya Melbourne kwa kuwa Jumapili haiko mbali: iache. Bendera ya nyeusi, nyekundu na kijani, yenye ngao na mikuki, ilipandishwa hapa Nairobi usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Kenya ilikwenda Melbourne mwaka 1956 ikiwa bado koloni, na ndiyo mara yake ya kwanza kushiriki Olimpiki. Fundi wa mwaka ule hakuwa na bendera hiyo ya kuchonga. Sisemi ni lazima iwe ya kughushi. Huenda ni pini ya ukumbusho iliyotengenezwa miaka mingi baadaye, na kama ingeuzwa kwa jina hilo isingekuwa na ubaya wowote. Lakini anayeiuza kama ya 1956 ama haijui bidhaa yake ama anakudanganya, na vyovyote iwavyo usimpe pesa zako.

Kalenda ni kipimo kisichogharimu hata shilingi, ndiyo maana ninaitanguliza. Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980, kwa hiyo ukiona "timu ya Kenya, Moscow 1980", dai maelezo ya kina. Tazama na pete tano: juu ni buluu, nyeusi na nyekundu, chini ni njano na kijani, na zote zimeshikana kama mnyororo. Nimewahi kushika pini ambayo njano na kijani zilikuwa zimepishana nafasi, na mwenyewe alikuwa ameivaa miaka miwili bila kugundua. Hata wanaokusanya beji za magari wanaweza kutumia njia hii. Mashindano yetu ya magari yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakaitwa East African Safari kuanzia 1960, na jina la Safari Rally likaja miaka ya sabini. Beji yenye maneno "Safari Rally 1955" inajiumbua yenyewe.

Sasa tuje kwenye furushi la binti yako. Dola 25 kwa pini 50 ni nusu dola kila moja, na Disney wenyewe huuza pini moja dukani kwa dola 10 hivi au zaidi. Tangu 1999 wamekuwa na desturi ya wageni kubadilishana pini na wafanyakazi katika bustani zao za burudani. Hapo ndipo soko la mafurushi lilipozaliwa: mtu ananunua pini za bei ya chini, anazipeleka bustanini, anatoka na za halali. Kwa hiyo ukiona tangazo la pini 50 au 100, "zote tofauti, zote za kubadilishana", kwa bei ya karanga, chukulia kwamba nyingi humo ni ghushi hata kabla hujatazama picha.

Zinatoka wapi? Hili nalijua kwa mikono yangu, maana nimechonga kalibu za beji hapa River Road kwa miaka mingi. Kalibu ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyumenyume. Bamba la shaba au la chuma laini huwekwa juu yake, mashine ikagonga, picha ikatokea. Kiwanda kikiagizwa pini 1,000 hugonga zaidi ya hizo, kwa sababu zipo zitakazoharibika. Zilizoharibika zinapaswa kupondwa. Kuna viwanda visivyoziponda, zikatokea mlango wa nyuma. Vingine hubaki na kalibu baada ya kazi kwisha na kuendelea kugonga usiku kwa rangi za bei ya chini, bila ruhusa ya mwenye picha. Wakusanyaji huyaweka makundi haya mawili pamoja na kuyaita makombo. Kundi la tatu ni baya zaidi: mtu huchukua pini halisi, akatengeneza kalibu kutoka kwake, akasubu nakala, yaani akamimina humo aloi ya zinki iliyoyeyushwa.

Nieleze lililonipata. Shule moja iliagiza kwangu pini 300 za maadhimisho, za wahitimu waliochangia ujenzi wa maktaba peke yao. Kalibu nilichonga mwenyewe, lakini mashine yangu ilikuwa imeharibika, nikapeleka kazi ya kugonga kwenye karakana nyingine. Miezi michache baadaye nikapita kwa mchuuzi mmoja karibu na steji ya matatu, trei yake imejaa beji, na katikati yake ipo pini ya ile shule. Niliitambua mara moja. Wakati wa kuchonga patasi iliniteleza kidogo kwenye mguu wa herufi R, ikaacha alama ndogo kama kucha ya mtoto, na alama ile ilikuwapo. Kalibu ilikuwa yangu, lakini enameli, ile rangi inayojazwa kati ya kuta za madini, ilikuwa nyepesi, rangi ya dhahabu imeanza kubabuka, na kingo zake zilikwaruza kidole. Ilinibidi niende kwa mwalimu mkuu kumweleza kwamba zile 300 hazikuwa 300 tena. Siku hizi kalibu yangu hailali kwa mtu.

Ndiyo maana nasema sura ya pini haitoshi. Kombo limetoka kwenye kalibu ya kweli, hivyo mbele linaweza kukupita kabisa. Mwenye kughushi hutumia nguvu zake kwenye sura kwa sababu ndiyo inayopigwa picha; mgongo na ukingo hana muda navyo.

Zitoe zile pini za binti yako, ziweke mezani dirishani, uwe na lenzi ya kukuzia. Igeuze moja. Pini nyingi za Disney za miaka ya karibuni zina mgongo uliojaa vichwa vidogo vidogo vya Mickey, mstari kwa mstari. Kwenye pini nzuri mchoro huo umekatwa kwa ncha safi na unakwenda mpaka ukingoni, kama kitambaa kilichokatwa kwenye jora. Kwenye nyingi za kughushi vichwa hivyo havina kina, vimefifia, au vinaishia kabla ya ukingo na kuacha fremu tupu pande zote. Si kila pini halali ina mchoro huo, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake. Soma na maandishi ya haki miliki: herufi zinasomeka, au zimevimba na kushikana? Kisha tazama sindano ilipoungwa. Lehemu ikiwa imemwagika kama nta ya mshumaa, hiyo ni kazi ya haraka.

Ukingo unasema mengi zaidi. Pini iliyogongwa hukatwa kwa kisu cha mashine, na ukingo wake ni laini, wenye mistari myembamba ya mkato. Iliyosubiwa mara nyingi ina mshono unaozunguka ubavuni, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, na vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano. Hapo utapata pia jibu la zile mbili zisizolingana. Madini yaliyoyeyushwa husinyaa yakipoa, kwa hiyo nakala iliyosubiwa kutoka kwa pini halisi hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake. Kwa macho huoni, kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene, unaona: kwenye pini ya milimita 30, tofauti ya milimita 0.3 inatosha kukutia shaka. Ndogo kati ya zako mbili ndiyo ya kuhofia zaidi, ingawa kwa bei ile sitaapa kwamba kubwa nayo ni salama.

Enameli nayo ina mambo yake. Enameli ngumu hujazwa, huchomwa, kisha husuguliwa mpaka rangi na madini vinakuwa sawasawa. Pitisha ukucha juu yake, utateleza bila kukwama. Enameli laini hubaki chini ya kuta za madini, na ukucha unaruka kila ukutani. Zote mbili ni kazi halali. Tatizo ni pini ambayo inajulikana ilitolewa kwa enameli ngumu, halafu yako inakwama ukucha, au imemwagiwa utomvu wa plastiki juu ili ing'ae. Rangi iliyovuka ukuta, shimo katikati ya buluu, ngozi ya mhusika isiyo ya rangi yake: hizo ndizo kasoro zilizofanya pini itupwe kiwandani. Usikubali ushauri wa kuikwaruza kwa sindano. Ukikuta ni halisi utakuwa umeiharibu wewe.

Sumaku na mizani ya sonara vinasaidia pale tu unapojua ya kweli ilitengenezwa kwa nini. Shaba na zinki hazivutwi na sumaku, chuma huvutwa. Zinki ni nyepesi kuliko shaba kwa kama moja ya tano, kwa hiyo nakala ya zinki ya pini ya shaba itaonekana mizanini kwa urahisi, ukiwa na uzito wa halisi wa kulinganisha nao.

Haya yote yanahitaji pini mkononi, na wewe unataka kujua kabla ya kulipa. Basi mlete muuzaji karibu. Mwandikie leo, umwombe picha tatu: mgongo, ukingo kwa ubavu, na sura ikiwa imelala juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo kwa mkono. Hiyo karatasi ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu picha nyingi za mnadani zimenyakuliwa kwa wengine. Chukua picha yake ya sasa uitafute kwa Google Lens. Ukiikuta kwenye tangazo la miaka mitatu iliyopita la mtu mwingine, shughuli imekwisha. Fungua pia orodha ya vitu alivyokwisha kuuza. Pini yenye toleo la vipande 100 tu duniani, na yeye peke yake ameuza 12 tangu Januari, haihitaji lenzi. Na usome maoni mabaya ya wanunuzi kwanza, hasa ya walionunua pini, maana mtu anaweza kuwa na sifa njema za kuuza chaja za simu.

Kuhusu pesa, lipa ndani ya jukwaa lenyewe. Kadi ya Visa ya M-Pesa inafaa, na PayPal inafaa zaidi kwa sababu inakupa siku 180 tangu kulipa kufungua lalamiko. Dhamana ya eBay ni siku 30 tu baada ya mzigo kufika. Akikuambia mmalizane pembeni kwa bei nafuu, umepoteza dhamana ya eBay, na usipolipa kwa PayPal umepoteza zote mbili. Na hapa kuna shimo ambalo Wakenya wengi hutumbukia: tunapenda kutumia wakala mwenye ghala Marekani au Uingereza ili atuletee mizigo kwa pamoja. eBay huhesabu kwamba mzigo umefika ukifika ghalani, na ukishasafirishwa kutoka hapo kwenda anwani nyingine, dhamana yao haikulindi tena. Kwa pini ya bei kubwa tafuta muuzaji anayetuma moja kwa moja Nairobi, hata kama nauli ni ya juu. Ukipiga dau, kumbuka pia VAT ya asilimia 16 na ushuru wa forodha, usije ukajikuta umelipa bei ya pini mbili.

Furushi ulilonunua, fungua lalamiko leo kama siku 30 hazijapita, ukiambatisha picha za migongo na vipimo vya zile mbili. Usipofaulu, mwachie binti yako azibandike kwenye mkoba, lakini asizibadilishane na watoto wenzake wala wewe usiziuze. Kuuza bidhaa ghushi ni kosa kwa Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008. Kando ya sheria, kuna mtoto mwingine atakayetoa pini yake halisi apewe kombo, na hilo linaniuma kama ile ya pale steji ilivyoniuma.

Jambo moja zaidi kabla hujarudi mnadani. Pini za timu zetu hazikuanza safari zao kwenye intaneti. Wanariadha, makocha na maafisa walipewa, wakabadilishana na wa nchi nyingine kijijini kwa wanamichezo, wakarudi nazo nyumbani. Zipo kwenye makabati ya Eldoret, Iten na hapa hapa Nairobi. Ukimpata mwenyewe akakueleza aliipata wapi na kwa nani, mwombe akuandikie maelezo hayo kwa mkono wake na uyatunze pamoja na pini.

Ile ya Seoul sijaikataa. Mwaka ule Robert Wangila alitwaa dhahabu ya ndondi, na ningependa uipate ikiwa ya kweli. Muuzaji akikutumia mgongo na ukingo kabla ya Jumapili, nitumie nami nizitazame kwa lenzi. Asipotuma, usipige dau.