Utando wenye kasoro usiutupe kabla hujaupima

Kila anayepata nafasi ya kwenda nje kusomea fizikia ya maada huniuliza aanzie wapi. Mimi humwambia: zizoee kasoro. Wengi hudhani natania.

Nilikwenda huko na akili ya mfua kanzu, sitaki doa. Kazi niliyopewa ilikuwa kutengeneza tando, yaani matabaka membamba mno, za YBCO, oksaidi ya itriamu, bariamu na shaba ambayo chini ya kelvini 92 hivi (kama selsiasi 181 chini ya sifuri) hupitisha umeme bila ukinzani, yaani huwa supakondakta. Leza hupiga kidonge cha oksaidi hiyo, mvuke ukatua juu ya kibao cha fuwele chenye joto la selsiasi 700 na zaidi. Miezi minne mizima, kila utando uliotoka na vijidonda niliutia kwenye boksi la takataka. Msimamizi wangu akauokota mmoja, akaupima ndani ya sumaku. Ulibeba mkondo mkubwa kuliko ule niliokuwa nikiuringia.

Niliisoma sababu vitabuni, lakini ilinikaa nilipokuja likizo, Jambiani, kwenye shamba la mwani la dada yangu. Sumaku hupenya utando ule kwa vizingia vidogo vidogo vya umeme. Ukipitisha mkondo, unavisukuma. Vikianza kutembea tu, ukinzani umerudi. Kasoro ya nanomita chache hukishika kizingia kisiende. Dada hahitaji kuelezwa: kamba ambayo pegi yake imeng'oka, maji ya bamvua hayaibakishi. Ndiyo maana siku hizi watu huongeza bariamu zirkoneti makusudi, ikajipanga ndani ya utando kama vinguzo.

Sasa usije ukasema mwalimu karuhusu uchafu. Ipo kasoro isiyo na msamaha: mpaka wa chembe mbili za fuwele zilizolala upande tofauti. Zikipishana digrii mbili tatu, si neno. Zikizidi kama 10, mkondo unaanguka vibaya, jambo ambalo watafiti wa IBM walilionesha mwaka 1988. Kwa hiyo chagua kibao chako kwa makini, maana utando hufuata mpangilio wa kile ulicholalia. Na oksijeni usiipunje: poza taratibu ndani yake, la sivyo joto la mpito, lile ambalo chini yake ukinzani hutoweka, litashuka, na ikipungua mno hupati supakondakta kabisa.

Halafu pima vyote viwili, joto la mpito na mkondo wa juu kabisa ndani ya sumaku. Mimi nilikuwa napima la kwanza tu, naona kelvini 91, nafurahi, nakwenda kulala.

La mwisho linatuhusu sisi watu wa pwani. Nilirudi na kipande kimoja ndani ya bahasha, niwaoneshe watoto wa skuli. Nikakiacha kabatini masika yote. Kilikuwa cheusi kinang'aa. Nilipokitoa kimepauka, kimeota ungaunga mweupe. Unyevu huila YBCO: bariamu hutoka, ikakutana na kabonidioksaidi ya hewani, ikawa kabonati. Kasoro ya namna hiyo haishiki kizingia chochote. Vile vipakiti vya punje za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usivitupe. Vitie kwenye kopo linalofunga barabara, pamoja na utando wako.

Kipande changu bado kipo mezani. Wageni hudhani ni chokaa ya ukutani.