Gemu ya makauboi wawili, Gun Fight ya 1975

Umeuliza ile gemu ya zamani ya makauboi wawili wanaopigana bastola inaitwaje na kama kweli ndo ya kwanza kutumia prosesa, yaani chipu inayoendesha programu. Hiyo ni Gun Fight, na ndio, kwa gemu za mashine za sarafu huwa inatajwa kuwa ya kwanza kuwa na maikroprosesa (prosesa nzima kwenye chipu moja). Ila mwanzo wake ni Japani, Tomohiro Nishikado aliitengeneza pale kampuni ya gemu ya Taito mwaka 1975 ikiitwa Western Gun, na hiyo haikuwa na prosesa kabisa, ilikuwa inaendeshwa na saketi za umeme peke yake, bila programu. Kampuni ya Midway wakaichukua kupeleka Marekani, timu ya mbunifu wa gemu Dave Nutting ikaijenga upya juu ya maikroprosesa ya Intel 8080, ndo maana hizo mbili hazifanani kivile.

Utamu wake sasa! Kila mchezaji ana vishikio viwili, kimoja unatembea nacho, kingine kina kifyatulio na ndo unachotumia kuinua au kushusha bastola, una risasi sita tu na katikati kuna kaktasi (mimea ya miiba ya jangwani) za kujificha, halafu risasi ikigonga ukingo wa juu au wa chini inadunda kwa hiyo unaweza kumpata mwenzio kwa pembeni kabisa. Ukipigwa unaanguka, panatokea maneno GOT ME! na muziki wa mazishi unalia. Mi naipenda mno hiyo.

Na Nishikado huyohuyo alivyoona 8080 inavyofanya kazi akaitumia kwenye Space Invaders, 1978.