Kabla ya Kupiga Hema Le Mans: Panga Safari kwa Ajili ya Usiku

Mwezi wa sita wa mwaka 2024 nilitoka Lubumbashi kwenda Ufaransa, kwa mara yangu ya kwanza, kutazama mbio za magari za saa 24 za Le Mans, nikalala hemani siku tano karibu na barabara ya mashindano. Tangu nirudi, vijana kadhaa wa Kamalondo na Kenya, mitaa ya kwetu Lubumbashi, wamefika nyumbani kuniuliza bei ya tiketi. Ni swali la haki, lakini mimi huwauliza kwanza langu: usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili utakuwa umesimama wapi, umevaa nini, na utalala saa ngapi? Mbio zinaanza Jumamosi saa kumi alasiri na kumalizika Jumapili saa ile ile, na mtu aliyejiandaa kwa mchana tu hukosa sehemu iliyo nzuri kuliko zote.

Viza ndiyo inayochukua muda mrefu. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na sheria inataka yafike angalau siku 15 kabla. Usikae ukingojea hizo siku 15. Ada ya mtu mzima sasa ni euro 90, na bima ya safari lazima iwe na uwezo wa kulipia matibabu ya angalau euro 30,000. Uliza mapema pia kama utalazimika kufika Kinshasa, maana tiketi ya ndege ya ndani nayo ni pesa. Mimi nilikuwa na barua ya mwaliko ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Liège, Ubelgiji. Asiye na ndugu Ulaya aambatanishe uthibitisho wa mahali atakapolala kila usiku, pamoja na risiti ya kiwanja cha hema.

Kiwanja hicho hulipiwa mbali na tiketi ya kuingilia, jambo ambalo wengi hawalijui. Mashindano hayo huvuta watu zaidi ya 300,000, na viwanja vilivyo karibu huisha miezi mingi kabla. Barabara ya mashindano ina urefu wa kilomita 13.6 na kidogo, sehemu kubwa yake ikiwa ni barabara za kawaida ambazo siku nyingine watu huzipitia kwenda kazini, kwa hiyo neno "karibu" linahitaji ramani. Kwa mgeni wa mara ya kwanza ningeshauri achague upande wa Tertre Rouge, pale magari yanapokunja kuingia kwenye sehemu ndefu iliyonyooka ya Hunaudières, kwa sababu anaweza kutoka hemani, akatazama, akarudi kupumzika, bila kutegemea usafiri. Kona za Mulsanne na Arnage ziko mbali kwa miguu, lakini tenga saa mbili za usiku uende kwenye moja ya hizo. Nilisimama Arnage giza lilipokuwa limeingia, na giza la mwezi wa sita kule huingia baada ya saa nne usiku. Gari lilikuja kwa kasi likipunguza mwendo, na ndani ya magurudumu yake niliona chuma cha breki kimekuwa chekundu kama makaa yaliyopulizwa ya mbabula, jiko letu la makaa. Kisha likakunja, wekundu ukafifia, nikabaki na namba iliyowashwa taa ubavuni ikitoweka kati ya miti.

Kuhusu baridi, sisi wa Lubumbashi tuna hatari yetu ya pekee, nayo ni kudhani kwamba tunaijua. Ni kweli kwamba usiku wa Le Mans mwezi huo unaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, kama usiku wa kwetu. Lakini baridi yetu ya mwezi wa sita ni ya kiangazi, kavu, na koti moja la mitumba linatosha. Kule mvua hunyesha. Mimi nilibeba koti zito na blanketi, sikubeba koti la mvua wala viatu vya mpira, na kosa hilo lilinigharimu.

Mwaka ule mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba, kabla ya alfajiri, gari la usalama liliingia barabarani na magari yote yakawa yanatembea polepole nyuma yake kwa zaidi ya saa nne. Yaya aliniambia, "Mdogo wangu, saa hii ndiyo ya kulala." Sikumsikiliza. Niliogopa kwamba mbio zingeanza tena nisipokuwepo, nikasimama kwenye waya nimelowa hadi soksi, nikitazama foleni ya taa ikipita. Asubuhi, mbio zilipoachiliwa, mwili ulikataa. Nililala ndani ya nguo mbichi, na saa zile ambazo madereva walikuwa wakipigania nafasi kwa nguvu nilizisikia kama ngurumo ndani ya ndoto. Nashukuru kwamba niliamka kuona mwisho, kwa sababu Ferrari namba 50 iliishinda Toyota namba 7 kwa sekunde 14 hivi baada ya mchana na usiku mzima. Hata hivyo, asubuhi ile siwezi kuirudisha. Kila gari lina madereva watatu wanaopokezana, na mtazamaji naye apange zamu zake: alale kidogo Jumamosi mchana kabla ya kuanza, na tena kila gari la usalama linapokaa barabarani. Weka seti moja ya nguo na soksi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, usiiguse hadi saa ya kulala. Vizibo vya masikio viwe jozi kadhaa, maana hupotea gizani.

Mengine ni mepesi zaidi. Chupa za gesi za kupikia haziruhusiwi kwenye ndege, zinunue huko huko. Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kuingizwa, hata nyama iliyokaushwa na mama kwa mikono yake. Sisi tulibeba unga tu, na bukari, yaani ugali, tuliyopika Ijumaa jioni ilituletea majirani watatu wa mahema ya jirani. Saa ya Ufaransa mwezi huo ni sawa na ya Lubumbashi, kwa hiyo mkiahidi kuwapigia wa nyumbani simu saa fulani, hakuna hesabu ya kufanya.

Jumapili saa kumi, bendera ikishapungwa, msikimbilie barabarani. Ulizeni mapema kiwanja chenu kinafungwa lini, na kama inawezekana mlale usiku mmoja zaidi, hasa kama dereva wenu naye hakulala. Yaya alilala kuanzia saa moja jioni. Tulikunja hema Jumatatu asubuhi likiwa limekauka, ndipo tukashika njia ya Liège.