Ziwa Letu Limo Humo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimenunua kitabu cha mtumba pale Makoroboi, hapa Mwanza: Finnegans Wake, riwaya ya mwandishi wa Ireland James Joyce, kwa bei ya soda mbili. Nimesoma hadi kidato cha sita, lakini hiki kimenitoa jasho tangu mstari wa kwanza. Maneno yenyewe hata kwenye kamusi hayamo. Je, nimeuziwa chapa mbovu? – Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chapa ni nzima. Ndivyo alivyokiandika mwenyewe, tena kwa miaka kama 17, hadi kikatoka mwaka 1939. Mimi ukurasa wa kwanza uliniangusha mara tatu, kwa hiyo uache. Fungua wa 105.

Hapo kuna orodha ndefu ya majina ya vichekesho, yote ya barua moja. Tafuta “Victrolia Nuancee”, kisha ulitamke kwa sauti. Umesikia? Victoria Nyanza! Ziwa hilihili ninaloliona nikikaa barazani kwangu Bwiru. Ila humo ndani kajificha pia Victrola, gramafoni ya zamani, na nuance, neno la Kifaransa la tofauti ndogo ya rangi au maana. Pembeni yake kuna “Allbart Noahnsy”. Ni Ziwa Albert, lililopewa jina la mume wa Malkia Victoria, na Nuhu naye kapakiwa humo, maana penye maji mengi hakosekani. Mke na mume, maziwa mawili yanayoulisha mto Nile, wamo ndani ya maneno manne.

Usiseme huo ni wazimu wa Wazungu. Sisi tumelibana “chakula cha jioni” likawa “chajio”. Tofauti ni kwamba sisi tulitaka neno fupi, yeye alitaka neno lililoshiba. Anashindilia kama wachuuzi wa Mwaloni wanavyoshindilia dagaa kwenye gunia, mpaka mshono unalia.

Ukishazoea, nenda kwenye sura ya wafuaji: wanawake wawili, kila mmoja ng'ambo yake ya mto Liffey kule Dublin, wanafua na kupiga soga mpaka giza linaingia. Majina ya mito yamefumwa humo kwa mamia. (Mirongo wetu nimeutafuta, sijauona.) Kuna mahali yule mama ambaye ndiye mto wenyewe anaitwa “Wendawanda, a fingerthick”. Sasa wanda si upana wa kidole? Kiswahili chetu hicho, na tafsiri kaiweka papo hapo! Nilipoliona nilicheka peke yangu kama mgonjwa.

Sura hiyo usiisome kimyakimya. Nilimsomea jirani yangu kurasa mbili akiwa anafua, na Kiingereza hajui hata cha salamu. Alisikiliza, akakamua shuka, akauliza, “Hao wanamsema nani?”