Kichwa cha Huku, Mkono wa Kule

Maswali yenu kuhusu sanamu ndogo za mezani zinazoundwa kwa kuchanganya vipande vya seti mbalimbali.

Nimeipachika sanamu ya shujaa wa upanga, kimo milimita 28, kichwa cha askari wa seti ya kifaru. Kimekuwa boga. Kwa nini? (Likoni)

Hukupima. Seti nyingi za vifaru ni 1:35, yaani kila kitu ni kidogo mara 35 kuliko cha kweli. Mtu wa mita 1.75 anatoka na milimita 50. Za 1:72 nazo zinampa milimita 24 na maungo membamba, ilhali sanamu nyingi za michezo ya njozi hukuzwa vichwa na viganja makusudi ili zionekane mezani. Mikoba, ngao na mikuki huvumilia tofauti. Uso hauvumilii. Kiweke kipuri kando ya sanamu, tazama, ndipo ushike kisu.

Mkono wa resini unang'oka kila nikiubandika kwa gundi ya plastiki. (Nyali)

Jamani, hili nimelijibu mara ngapi? Gundi ya plastiki huyeyusha polistireni, ndiyo plastiki ya sanamu hizi, pande mbili zikashikana zikawa kitu kimoja. Resini, ile inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda, na madini haviyeyuki kwayo. Hapo tumia supagluu, na kiungo kizito kitie pini ya waya ndani.

Juzi nilikuwa na bawa la popo la madini, la kukaa kwenye mgongo wa plastiki. Kwa supagluu peke yake lilianguka mara mbili. Nikatia tone la rangi nyekundu kwenye kikonyo cha bawa, nikaligusisha mgongoni, alama ikanionyesha pa kutoboa. Keekee ya mkono ya milimita 1 pande zote mbili, kipande cha waya wa klipu ya karatasi katikati, gundi kidogo. Sasa nainyanyua sanamu nzima kwa bawa hilo hilo.

Nasema kidogo kwa sababu supagluu hugandishwa na unyevu, na hewa yetu ya Mombasa imejaa unyevu. Ukiimwaga, mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya uso uliouhangaikia wiki nzima.

Hukuuliza, lakini nakuambia: resini ipige msasa ikiwa imelowa maji, na uvae barakoa. Vumbi lake likiingia mapafuni halitolewi na maziwa, hata kama fundi wa mtaani kwenu anaapa.

Ufa wa shingoni niuzibe kwa gundi zaidi? (Kisauni)

Hapana. Tumia udongo wa epoksi, unaokuja sehemu mbili na kukaza zikichanganywa: buluu na manjano sawa kwa sawa, kanda mpaka uwe kijani kisicho na michirizi. Lowesha kidole na kifaa usinate. Wakati wa joto la kaskazi huwahi kukaza, basi kanda punje ndogo ndogo, kisha uache ulale usiku kucha.

Asetoni ya kucha inatoa rangi? (Bamburi)

Usithubutu. Huyeyusha polistireni.

Mwanangu wa miaka 9 anataka kuanza, na mjomba wake amempa sanamu za madini za zamani. Azikate? (Mji wa Kale)

Asizikate, dada, wala asizichezee. Nyingi za zamani zina madini ya risasi ndani, nayo ni sumu. Ziweke kabatini juu, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mtafutie sanduku la askari wa plastiki wa Frostgrave, mchezo wa njozi wa sanamu mezani uliotoka 2015. Lina sanamu 20, na vichwa na mikono vimetengenezwa vibadilishane, kwa hiyo hahitaji kukata shingo wala kutoboa. Kisu kishike wewe. Dirisha liwe wazi akipaka gundi, na kila mkono aujaribu kavu, bila gundi, kwanza. Vipuri vinavyobaki kwenye fremu, kile kiunzi cha plastiki vinachokuja vimeshikana nacho, usitupe. Mwezi ujao atavitaka.